SAFARI YA KIKUNDI KATIKA MILIMA YA MAZIWA

1. Nchi yenyewe

Upande wa kaskazini-magharibi wa Uingereza, si mbali na mpaka wa Scotland, iko nchi ya milima na mabonde iitwayo Lake District. Maana ya jina hilo ni Wilaya ya Maziwa, nayo ni maziwa ya maji, si ya ng'ombe. Mabonde yake yana maziwa marefu na membamba, na juu ya maziwa hayo husimama milima ya mawe ambayo wenyeji huiita "fell". Neno hilo lililetwa na watu wa asili ya Norway waliohamia huko zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Wageni hao walikwisha kuchanganyika na wenyeji zamani sana, lakini maneno yao yangali katika majina ya vijito na vilele vya nchi hiyo.

Miamba ya milima hiyo mingi ilitoka katika moto wa volkano, yapata miaka milioni 450 iliyopita. Baadaye sana ikaja barafu nene iliyofunika nchi, ikashuka polepole mabondeni kama mto mzito, ikikwangua mawe huku na huku. Barafu ilipoyeyuka ikaacha mabonde yenye kina, maziwa, majabali yaliyo wima, na kingo nyembamba kati ya bonde na bonde.

Milima hiyo si mirefu. Ulio mrefu kuliko yote, Scafell Pike, una futi 3,209, yaani mita 978. Helvellyn, ambao ni wa tatu, una futi 3,118. Mtu aliyeuona Kilimanjaro, wenye futi zaidi ya 19,000, angeweza kucheka na kusema kwamba hivyo ni vilima tu. Lakini asiwe mwepesi wa kucheka. Kila mwaka watu huumia katika vilima hivyo, na wengine hufa, na wengi wao huponzwa na neno lilo hilo, "Ni vilima tu." Wahenga walisema, Mdharau mwiba mguu huota tende.

Hatari ya milima hiyo haitokani na urefu wake tu, bali hasa na hali ya hewa. Upepo wa magharibi hutoka baharini ukichukua mawingu mazito, na mawingu yakikutana na milima hayana budi kumwaga maji yake. Kijiji kidogo cha Seathwaite, kilicho chini ya milima hiyo, hupata mvua zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka, ambapo mji wa London hupata chini ya milimita 700. Tena baridi huongezeka kwa kadiri mtu anavyopanda, kama digrii 2 za sentigredi kwa kila futi 1,000. Kwa hiyo watu walioacha bonde likiwa na hali ya kupendeza, huenda wakakuta kileleni baridi kali, upepo wa kuwayumbisha, na ukungu ambao hauwaruhusu kuona hatua ishirini mbele yao. Badiliko hilo laweza kutokea kwa muda wa nusu saa.

2. Kuta na kondoo

Asiyejua nchi hiyo hudhani kwamba milima ni mahali patupu pasipo na mwenyewe. Sivyo. Ni malisho ya kondoo, na wafugaji wameishi hapo vizazi kwa vizazi. Kuanzia bondeni hadi juu sana mlimani zimejengwa kuta za mawe matupu, pasipo chokaa wala udongo. Kila jiwe limechaguliwa likae juu ya lenzake, na mawe marefu yamepitishwa toka upande huu hata upande huu ili kuzifunga pande mbili za ukuta. Nyingine zimesimama zaidi ya miaka 200. Mtu mmoja akipanda juu ya ukuta na kuangusha mawe mawili au matatu, amefungua njia kwa kondoo kutoroka, na mfugaji atapoteza siku nzima kuujenga tena.

Kondoo wa huko huitwa Herdwick. Mwana-kondoo huzaliwa mweusi, na akikua uso wake huwa mweupe na manyoya yake huwa ya kijivu. Ni wagumu sana. Hustahimili baridi na mvua ambazo zingeua kondoo wa aina nyingine. Lakini ajabu yao kubwa ni hii: juu kabisa ya milima hakuna ua wala ukuta, na hata hivyo kila kundi hukaa katika malisho yake. Mama humfundisha mwanawe mipaka, na huyo naye atamfundisha wake. Mwaka 2001 ulitokea ugonjwa wa miguu na midomo, makundi mengi yakauawa ili kuuzuia usienee. Hasara haikuwa ya nyama na sufu tu. Kondoo wageni hawawezi kuwekwa mlimani wakajua mipaka siku hiyo hiyo. Maarifa yale hayauzwi sokoni.

Basi wageni wapitao huko hufuata kanuni chache. Hufunga kila lango walilolikuta limefungwa. Mbwa wao humfunga kamba. Hawapandi kuta, bali hupita langoni au penye ngazi ya mawe. Na takataka zao zote hushuka nazo. Mwandishi wa vitabu vya watoto Beatrix Potter alikuwa pia mfugaji wa kondoo hao. Alipofariki mwaka 1943 aliacha mashamba 14, yenye eka zaidi ya 4,000, kwa chama cha National Trust kiyatunze kwa faida ya watu wote. Mwaka 1951 nchi hiyo ilifanywa hifadhi ya taifa, na mwaka 2017 ikatiwa katika orodha ya mahali penye urithi wa dunia.

3. Kufanya kambi

Tuseme kikundi cha watu wanane wanataka kulala chini ya mlima Helvellyn, na asubuhi yake kuupanda kwa njia ya miamba. Kwanza huchagua kiongozi. Kiongozi si lazima awe mwenye nguvu kupita wote, yafaa awe amekwisha kuipita njia hiyo, na awe mtu ambaye wengine watamtii akisema, "Turudi."

Mizigo hugawanywa. Mmoja huchukua hema, wa pili miti yake, wa tatu jiko dogo la gesi, wa nne sufuria, na kadhalika. Lakini viko vitu ambavyo kila mtu huchukua vyake mwenyewe: koti la mvua, sweta ya akiba iliyofungwa katika mfuko usiopenya maji, kofia na glovu za sufu, tochi, filimbi, chakula cha siku na maji. Sababu yake ni wazi. Mtu akipotea katika ukungu, sweta iliyo katika shanta ya mwenzake haitamsaidia.

Mahali pa kambi huombwa kwa mwenye shamba. Mashamba mengi ya mabondeni yana uwanja wa mahema kwa ada ndogo. Wengine hupenda kulala juu zaidi, nje ya kuta za mwisho. Huko nako sheria ya Uingereza huwataka wapate ruhusa ya mwenye ardhi, na desturi njema ni kuweka hema jioni na kuondoka asubuhi, bila kuacha alama.

Hema haliwekwi penye shimo, ingawa hapo upepo ni kidogo, maana maji ya mvua hukusanyika. Haliwekwi karibu na ukingo wa kijito, kwa sababu kijito cha milimani chaweza kufurika usiku mmoja. Wala haliwekwi chini ya jabali linaloporomosha mawe. Hutafutwa mahali palipoinuka kidogo, penye majani mafupi, na mlango wa hema huelekezwa upande usiotoka upepo. Mahema huwa karibu karibu, ili mtu akiita usiku asikiwe.

Moto wa kuni hauwashwi. Udongo wa sehemu nyingi za milima hiyo ni masalio ya majani yaliyooza kwa maelfu ya miaka, nao wenyewe huwaka. Moto ukiingia chini yake huungua siku nyingi bila kuonekana. Kupika ni kwa jiko la gesi, tena nje ya hema. Jiko likiwashwa ndani ya hema lililofungwa hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu waliolala huweza wasiamke. Maji huchotwa penye kijito kinachokwenda kwa kasi, upande wa juu wa kambi, kisha huchemshwa, maana hajulikani mzoga wa kondoo aliyelala huko juu. Choo huchimbwa mbali na maji, hatua hamsini au zaidi, kisha hufukiwa.

Jioni, baada ya kula, kiongozi hutandaza ramani na wote huitazama. Kila mmoja huonyeshwa njia, si kiongozi peke yake aijue. Kiongozi naye aweza kuvunjika mguu. Kisha husoma habari za hali ya hewa. Katika majira ya baridi yuko mtu wa hifadhi ambaye kazi yake ni kuupanda Helvellyn kila siku na kutoa habari za theluji, upepo na baridi ya kileleni, ili watu wajue kabla ya kuondoka.

Mwisho kiongozi huandika karatasi: idadi ya watu, njia watakayofuata, na saa watakayorudi. Karatasi hiyo huachwa shambani kwa mtu wa kuaminika. Wasiporudi kwa saa hiyo, mtu huyo atajua la kufanya na mahali pa kuanza kutafuta.

4. Hesabu ya saa

Mtu akitaka kujua saa atakayorudi, hana haja ya kubahatisha. Mwaka 1892 Mscotland mmoja, William Naismith, alitoa kanuni ambayo wapanda milima wangali wakiitumia. Hesabu saa moja kwa kila maili 3 za njia, kisha ongeza saa moja kwa kila futi 2,000 za kupanda.

Njia ya kutoka kijiji cha Glenridding, kupanda Helvellyn na kurudi, ni kama maili 8, na kupanda kwake ni kama futi 2,700. Maili 8 ukizigawanya kwa 3 ni saa 2 na dakika 40. Futi 2,700 ukizigawanya kwa 2,000 ni saa 1 na dakika 20 hivi. Jumla ni saa 4. Lakini hizo ni saa za mtu mwenye nguvu asiyepumzika. Kikundi cha watu wanane hupumzika, hula, na husubiriana penye miamba, hivyo mwenye busara huhesabu saa 6 au 7.

Hesabu hii ina faida kubwa kwa kuwa jua la huko si kama jua la nchi za ikweta, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Mwezi wa Juni mwangaza hukaa mpaka karibu saa 4 za usiku. Mwezi wa Desemba jua huzama hata kabla ya saa 10 za alasiri. Njia ile ile, kwa saa zile zile, wakati wa Juni huisha mchana mweupe, na wakati wa Desemba huisha gizani.

Njiani kikundi huenda kwa mwendo wa aliye wa mwisho. Mtu mwepesi wa kuchoka huwekwa mbele, nyuma ya kiongozi, wala haachwi mkiani. Tena iko desturi mbaya ya kujihadhari nayo. Wenye nguvu hutangulia, huketi kuwangojea wenzao, na mara aliyechoka anapowafikia, huinuka na kwenda zao. Hivyo wenye nguvu hupumzika, na aliyechoka hapumziki hata mara moja. Mwenda pole hajikwai, na kikundi kiendacho pole hakipotezi mtu.

5. Kuparamia miamba

Baada ya mwendo wa saa mbili hivi, kikundi hufika mwanzo wa Striding Edge. Huu ni ukingo wa mawe unaouelekea mlima Helvellyn, mwembamba kama mgongo wa punda aliyekonda. Kushoto ni bonde. Kulia, chini sana, ni ziwa dogo liitwalo Red Tarn. Iko njia ndogo pembeni, chini kidogo ya mgongo, kwa wale wanaoogopa. Wengine hupita juu kabisa, wakitumia mikono pamoja na miguu. Huko ndiko kuparamia. Ni zaidi ya kutembea, na ni pungufu ya kukwea majabali kwa kamba.

Kanuni za kuparamia si nyingi, na kila moja ina sababu yake.

Ya kwanza: katika mikono miwili na miguu miwili, vitatu vishike mwamba daima, na kimoja tu kisogee. Kikiteleza hicho kimoja, vile vitatu vitamzuia mtu.

Ya pili: kila jiwe lijaribiwe kabla ya kutegemewa. Mtu huligonga kwa kiganja. Likitoa sauti ya utupu au likitikisika, huliacha. Ashikapo jiwe hulikandamiza kuelekea chini, halivuti kuelekea kwake, kwa maana jiwe livutwalo laweza kung'oka.

Ya tatu: asiwepo mtu chini ya mwenzake. Jiwe likianguka, aliye juu hupaza sauti, "Jiwe!" Naye aliye chini hatazami juu, bali huegemea mwamba na kulinda kichwa chake.

Ya nne: penye mteremko mkali mtu hushuka akiupa mwamba uso, wala haupi mgongo. Akitangulia kuketi na kuteleza kwa makalio, haoni mahali pa kuweka mguu, na shanta yake humsukuma mbele.

Ya tano: mwamba uliolowa si mwamba ule wa jana. Mawe yaliyong'arishwa kwa viatu vya watu wengi, yakinyeshewa, huteleza kama sabuni. Na upepo ukiwa mkali hata mtu akayumba akisimama bondeni, ukingo huo haupitwi siku hiyo.

Mwisho wa ukingo pana ufa mfupi ulio wima, na hapo hushuka mmoja mmoja. Kiongozi hushuka kwanza, kisha husimama pembeni na kuwaelekeza wenzake mahali pa kukanyaga: "Mguu wa kushoto, chini kidogo, hapo hapo." Mzoefu wa pili hubaki juu mpaka wote washuke. Akiwapo anayetetemeka, hachekwi. Hufungwa kamba kiunoni na kushushwa polepole. Kicheko humfanya mtu afiche hofu yake, na hofu iliyofichwa ndiyo inayoangusha watu.

Juu ya ukingo huo imesimamishwa alama ya chuma kwa ajili ya Robert Dixon, aliyeanguka hapo mwaka 1858 alipokuwa akifuata mbwa wa kuwinda mbweha. Alikuwa mwenyeji wa nchi, aliyezizoea njia zake. Mazoea hayamzuii mtu kuanguka.

6. Habari za Coleridge

Kanuni kubwa kuliko zote ni hii: usishuke mahali usipoweza kupanda tena, wala usipande usipoweza kushuka. Aliyejifunza jambo hili kwa shida ni mshairi mashuhuri wa Kiingereza, Samuel Taylor Coleridge.

Mwezi wa Agosti 1802 alitoka nyumbani kwake Keswick kutembea milimani siku tisa, peke yake. Alichukua mfuko mdogo wenye shati, soksi, karatasi, chai na sukari, na kwa fimbo alitumia mpini wa ufagio wa nyumbani. Tarehe 5 alikuwa juu ya mlima Scafell. Yeye hakuwa na desturi ya kutafuta njia. Alipotaka kushuka alishika upande wowote ulioonekana unashukika. Siku hiyo alishika mahali paitwapo Broad Stand, ambapo mwamba umekaa kama ngazi za jitu, kila ngazi ikiwa na kimo cha mtu au zaidi.

Akaning'inia kwa mikono kutoka ngazi ya kwanza, akajiachia, akaangukia ya pili. Akafanya hivyo tena, na tena. Kila alipojiachia, alijifungia njia ya nyuma, maana hakuweza kurudi juu. Mwisho viungo vyake vilitetemeka asiweze kusimama. Akalala chali juu ya mwamba, akiyatazama mawingu yaliyokuwa yakipita kwa kasi juu yake. Karibu na hapo aliona mzoga wa kondoo. Chini palionekana parefu mno kujiachia, juu palikuwa pamefungwa. Akatulia, akangoja mpaka akili imrudie, ndipo akaona ufa mwembamba kati ya majabali mawili. Akaushuka kwa kujibana huku na huku, akafika chini salama. Muda si muda ikaja dhoruba ya radi.

Coleridge alipona, na barua aliyoandika juu ya safari hiyo ni kati ya maandiko ya kwanza yaelezayo kuparamia miamba katika Uingereza. Lakini aliponea chupuchupu. Hakuna aliyejua alipo, na kama angevunjika mguu juu ya ngazi ile, asingekuwapo wa kumsikia.

Si wote waliopata bahati yake. Mwezi wa Aprili 1805 kijana Charles Gough aliuvuka Helvellyn peke yake, akiwa na mbwa wake tu. Mwili wake ulionekana baada ya miezi mitatu chini ya Striding Edge, karibu na Red Tarn, na mbwa wake alikuwa angali hapo. Washairi wawili wakuu, William Wordsworth na Walter Scott, walitunga mashairi juu ya uaminifu wa mbwa huyo, na mwaka 1890 likasimamishwa jiwe la ukumbusho juu ya mlima. Watu wengi hulisoma na kumsifu mbwa. Yafaa pia wafikiri kwamba mbwa aliweza kukaa na bwana wake, lakini hakuweza kwenda kuita watu.

7. Kileleni

Kilele cha Helvellyn ni kipana na tambarare, hata mwaka 1926 ndege ndogo ilitua juu yake na kuruka tena. Panapo anga safi, watu huona maziwa, mabonde na milima ya Scotland. Pana kuta za mawe zilizojengwa kwa mfano wa msalaba, ili upepo utokako kote mtu apate pa kujikinga. Hapo kikundi huketi na kula, na kila mtu huvaa sweta kabla hajasikia baridi, wala hangoji mpaka atetemeke.

Upana huo wenyewe ni hatari penye ukungu, kwa kuwa njia zote hufanana. Ndipo ramani na dira hutumika. Mtu huamini dira yake, hata kama moyo wake unamwambia vingine. Wakati wa theluji, upepo hulundika theluji ukingoni upande wa mashariki hata ikatokeza nje kama upenu wa nyumba, bila kitu chini yake. Akanyagaye hapo hudhani yuko juu ya mlima, kumbe yuko juu ya hewa. Katika majira hayo hapandi asiye na shoka la barafu na meno ya chuma ya kufunga viatuni, na anayejua kuyatumia.

Kiongozi huwatazama watu wake mmoja mmoja. Baridi ikimwingia mtu mwilini, dalili zake ni hizi: kwanza hutetemeka; kisha hujikwaa; halafu maneno yake huwa kama ya mlevi, na hukasirika bila sababu. Mwisho huacha kutetemeka, na hiyo si nafuu, ni hatari kubwa. Mgonjwa huyo hukingwa na upepo, huvuliwa nguo zilizolowa na kuvikwa kavu, hukumbatiwa na wenzake, na akiweza kumeza hupewa kinywaji cha moto chenye sukari. Pombe hapewi kamwe, kwa kuwa huzidi kuupotezea mwili joto.

8. Wito wa msaada

Panapotokea ajali, kikundi hakitawanyiki. Wawili hukaa na aliyeumia, na wawili huenda kutafuta msaada; hakuna anayekwenda peke yake. Simu za mkononi husaidia sana, lakini mahali pengi mabondeni hazina mawasiliano. Filimbi haihitaji mawasiliano. Ishara ya wito wa msaada ni kupiga filimbi mara sita kwa dakika moja, kunyamaza dakika moja, na kurudia hivyo mpaka watu waje. Usiku hufanywa kwa tochi, mimuliko sita. Jibu ni mara tatu.

Wanaokuja ni wenyeji: walimu, wafugaji, maseremala, wauguzi. Huacha kazi au kitanda, hupanda mlima katika mvua na giza, na hawalipwi. Mwaka 1946 mpanda milima hodari, Wilfrid Noyce, alivunjika mguu katika mlima Great Gable, na kazi ya kumteremsha ilikuwa ndefu na ya taabu sana. Baada ya hapo, mwaka 1947, watu wa Keswick waliunda kikosi cha waokoaji, na leo kila sehemu ya milima hiyo ina kikosi chake. Noyce alipona, na mwaka 1953 alikuwa mmoja wa kikosi cha Waingereza katika mlima Everest, kikosi ambacho watu wake wawili walifika kileleni mara ya kwanza.

Lakini kikundi chenye adabu hakisemi, "Tusiogope, waokoaji wapo." Anayefanya ujinga mlimani huhatarisha pia uhai wa wale watakaomfuata. Kwa hiyo kiongozi akiona mawingu yanashuka, au saa zimepita kuliko hesabu, au mmoja amechoka, huwageuza watu wake hata kama kilele kiko hatua mia tatu mbele. Wengine watanung'unika. Jioni, wakiwa kambini, huku mvua ikipiga mahema na chai ikichemka, watahesabiana na kujiona ni wanane, kama walivyoondoka. Helvellyn utakuwapo mwakani, nao wataweza kuurudia.

MASWALI

1. Kwa nini vilima visivyo virefu vinaweza kuua watu?
2. Kondoo wa Herdwick hujuaje malisho yao?
3. Taja mahali patatu pasipofaa kuweka hema, na sababu zake.
4. Njia ina maili 9 na kupanda kwa futi 2,000. Kwa kanuni ya Naismith, ni saa ngapi?
5. Coleridge alikosa nini alipokuwa akishuka Broad Stand?
6. Ikiwa wewe ni kiongozi, na mwenzako mmoja amechoka karibu na kilele, utafanya nini? Eleza sababu zako.